Umeme, Bakteria na Bei ya Malighafi: Historia ya Kutengeneza Kemikali kutokana na Hewa Ukaa, 1911–2022

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jitihada za kuwalisha bakteria umeme ili wageuze hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, kuwa kemikali zenye thamani. Kwa kawaida historia hii husimuliwa kama uvumbuzi wa maabara ulioanza mwaka 2010. Makala yanaonesha kwamba mizizi yake imo katika viwanda vya uchachushaji vya Vita Kuu ya Kwanza na katika tafiti za bakteria walao hewa za miaka ya 1930. Hoja kuu ni kwamba kilichoamua kustawi au kufa kwa viwanda vya bakteria, kwa sehemu kubwa, ni bei ya chakula chao: nafaka, molasi, na sasa umeme. Hoja ya pili ni kwamba bei zilipogeuka, walionufaika ni wale waliokuwa wamehifadhi bakteria na maarifa ya viwanda vilivyokwisha kufungwa. Makala yanahitimisha kwa kubainisha maana ya historia hii kwa washauri wa sera katika nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu.

Maneno muhimu: bakteria, hewa ukaa, umeme, uchachushaji, historia ya teknolojia, sera ya nishati

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei mwaka 2010, Kelly Nevin, Derek Lovley na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walichapisha katika jarida la mBio matokeo ya jaribio lililovuta hisia za wengi. Waliwaotesha bakteria waitwao Sporomusa ovata juu ya vipande vya grafiti vilivyounganishwa na umeme, wakawapa hewa ukaa na maji, na bakteria hao wakatoa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo katika siki. Zaidi ya asilimia 85 ya elektroni zilizotumika zilipatikana ndani ya kemikali zilizozalishwa. Mbinu hiyo, ambayo hapa tutaiita usanisi-umeme wa bakteria, ilipokewa kama mwanzo wa enzi mpya: moshi wa viwanda ungekuwa malighafi, na umeme wa jua ungehifadhiwa ndani ya kemikali.

Mwaka huo huo, wakala wa utafiti wa nishati wa serikali ya Marekani, ARPA-E, ulianzisha programu ya kutengeneza mafuta ya vyombo vya usafiri kwa njia zinazofanana na hiyo. Miaka mingi imepita, na hakuna kituo cha mafuta kinachouza petroli iliyotokana na programu hiyo. Je, tuseme kwamba sayansi ilishindwa? Makala haya yanajibu kuwa la. Ili kuelewa kilichotokea baada ya mwaka 2010 hatuna budi kurudi nyuma karibu karne moja, kwa kuwa swali lililowakabili watafiti wa Amherst lilikwisha kuwakabili wenye viwanda wa London, Germiston na Muhoroni.

2.0 Asetoni ya Vita na Kuporomoka kwa Viwanda vya Uchachushaji

Mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na upungufu wa asetoni, kiyeyushi kilichohitajika katika kutengeneza kordaiti, baruti isiyotoa moshi mwingi. Hadi wakati huo asetoni ilipatikana kwa kuchoma miti ndani ya matanuri yaliyofungwa, na sehemu kubwa iliagizwa kutoka ng'ambo. Chaim Weizmann, mkemia wa Manchester, alikuwa na njia nyingine. Aliwatumia bakteria ambao baadaye waliitwa Clostridium acetobutylicum, wanaochachusha wanga na kutoa asetoni, butanoli na ethanoli. Serikali ilijenga au kugeuza viwanda kwa ajili ya kazi hiyo nchini Uingereza, na Toronto, nchini Kanada, kiwanda cha pombe kilibadilishwa kufanya kazi hiyo hiyo.

Chakula cha bakteria hao kilikuwa mahindi. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Manowari za Kijerumani zilipozidi kuzamisha meli, nafaka ikawa adimu, na mwaka 1917 watoto wa shule wa Uingereza waliombwa kukusanya mbegu chungu za miti ya chesinati ili zitumike badala ya mahindi. Bakteria walikuwa wale wale na mbinu ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni malighafi.

Baada ya vita mambo yaligeuka. Asetoni haikuhitajika sana, lakini butanoli ilipata soko katika rangi za magari, na viwanda vya Marekani vikastawi. Molasi ilichukua nafasi ya mahindi kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Hata hivyo, baada ya mwaka 1945 kemikali zile zile zilianza kutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli kwa gharama ndogo, na bei ya molasi ikapanda kwa sababu wafugaji waliitaka kwa chakula cha mifugo. Kufikia miaka ya 1960 viwanda vingi vya uchachushaji wa asetoni katika nchi za Magharibi vilikuwa vimefungwa.

Afrika Kusini ilikuwa tofauti. Kiwanda cha National Chemical Products huko Germiston kiliendelea kuchachusha molasi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi hiyo ilikuwa na miwa na makaa ya mawe ya bei nafuu, lakini haikuwa na mafuta ya petroli ya kutosha. Uhai wa kiwanda cha Germiston unathibitisha hoja yetu: pale ambapo uwiano wa bei ulikuwa tofauti, teknolojia iliyohesabiwa kuwa imepitwa na wakati kwingineko iliendelea kuishi kwa zaidi ya miongo miwili.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Huko Muhoroni, magharibi mwa Kenya, ethanoli ya molasi ilianza kuzalishwa katika miaka ya 1980 na kuchanganywa na petroli ili kupunguza uagizaji wa mafuta. Programu hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hamira haikuacha kuchachusha. Bei iliyopangwa kwa ethanoli ya magari haikuweza kushindana na bei ambayo wanunuzi wengine, hasa wa nje, walikuwa tayari kulipa kwa ethanoli hiyo hiyo.

3.0 Bakteria Walao Hewa

Wakati viwanda vya uchachushaji vikipanda na kushuka, maabara zilikuwa zikifuata mkondo mwingine. Mwaka 1911 Michael Potter, profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Durham, alionesha kuwa hamira na bakteria wanapovunja sukari hutoa umeme unaoweza kupimwa. Mwaka 1931 Barnett Cohen wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliunganisha seli nyingi za aina hiyo akapata zaidi ya volti 35, ingawa mkondo wake ulikuwa mdogo mno, wa miliampea 2 tu. Wote wawili walikuwa wakiutoa umeme kwa bakteria. Wazo la kuwapa bakteria umeme lilikuwa bado mbali.

Hatua iliyohitajika ilitoka kwa watafiti wa udongo na matope. Katika miaka ya 1930 ilibainika kwamba wapo bakteria wanaoweza kuunganisha hidrojeni na hewa ukaa na kutoa asidi ya asetiki. Mwaka 1936 Klaas Tammo Wieringa wa Uholanzi alieleza bakteria wa kwanza wa aina hiyo, Clostridium aceticum. Bakteria huyu hakuhitaji sukari wala mwanga. Alichohitaji ni hidrojeni, ambayo kimsingi ni mbebaji wa elektroni, na hewa ukaa.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa kwa makini. Katika kipindi cha Vita Kuu ya Pili bakteria wa Wieringa walipotea. Kwa miongo kadhaa wanasayansi waliokuwa wakichunguza njia hiyo ya kemia walilazimika kumtumia ndugu yake, Clostridium thermoaceticum, aliyepatikana mwaka 1942. Ni kwa bakteria huyu kwamba Harland Wood na Lars Ljungdahl waliichambua, hatua kwa hatua, njia ambayo leo inaitwa kwa majina yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Ujerumani walifanikiwa kuwaamsha bakteria wa Wieringa kutokana na spora, yaani chembe zilizolala, zilizokuwa zimekaushwa ndani ya matope na kutunzwa katika maabara ya Horace Barker huko Berkeley, California. Bakteria waliodhaniwa kuwa wametoweka walikuwa kabatini kwa karibu miaka 40.

4.0 Kuunganisha Waya na Bakteria, 1987–2016

Mikondo hii miwili ilianza kukutana mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1987 Lovley na wenzake walieleza bakteria kutoka tope la Mto Potomac wanaosukuma elektroni nje ya miili yao hadi kwenye madini ya chuma. Baadaye walipewa jina la Geobacter. Mwaka uliofuata Charles Myers na Kenneth Nealson walieleza tabia kama hiyo kwa bakteria wa Ziwa Oneida, New York, wanaotumia manganizi. Kama bakteria anaweza kutoa elektroni hadi kwenye jiwe, je, hawezi kuzipokea kutoka kwenye jiwe? Mwaka 2004 jibu lilitolewa: Geobacter waliweza kutumia elektroni kutoka kwenye elektrodi ya grafiti. Kutoka hapo hadi jaribio la mwaka 2010 ilikuwa hatua moja.

Baada ya 2010 kazi iligawanyika njia mbili. Njia ya kwanza iliwaweka bakteria juu ya elektrodi yenyewe. Ugumu wake ni wa kijiometri: bakteria wakiishi kama utando juu ya elektrodi, uzalishaji hutegemea ukubwa wa eneo la elektrodi, ilhali kiwanda cha kawaida cha uchachushaji hutumia ujazo wote wa tangi. Aidha, tafiti za mwaka 2015 za kundi la Alfred Spormann wa Stanford zilionesha kwamba vimeng'enya vinavyotoka kwenye seli zilizokufa vinaweza kukaa juu ya elektrodi na kutengeneza hidrojeni au asidi ya fomiki, ambazo bakteria walio hai hula. Kwa hiyo yale yaliyoonekana kuwa bakteria wanaokula umeme moja kwa moja huenda, katika mifano mingine, yalikuwa bakteria wanaokula hidrojeni kama kawaida yao.

Njia ya pili ilikubali jambo hilo tangu mwanzo na kuongeza uhandisi wa jeni. Mwaka 2012 James Liao na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza katika jarida la Science jinsi walivyombadilisha bakteria Ralstonia eutropha ili atengeneze isobutanoli, pombe inayoweza kutumika kama mafuta ya magari. Umeme uligeuza hewa ukaa kuwa asidi ya fomiki, na bakteria wakaila asidi hiyo. Elektrodi zilizalisha pia viambata vyenye sumu vilivyozuia bakteria kukua, na watafiti wakazuia madhara hayo kwa kuizingira elektrodi kwa kikombe cha udongo wa kauri chenye vinyweleo. Mwaka 2016 makundi ya Daniel Nocera na Pamela Silver wa Harvard yalitumia elektrodi za kobalti zisizowadhuru bakteria wa aina hiyo hiyo. Karibu nusu ya nishati ya umeme iliishia katika miili ya bakteria au katika pombe walizotengeneza, na gramu 180 za hewa ukaa zilinaswa kwa kila kilowati-saa. Kwa paneli za jua zilizokuwapo, ufanisi wa jumla ungekuwa takribani asilimia 10 ya nishati ya jua, wakati mazao ya kawaida shambani huhifadhi takribani asilimia moja au chini ya hapo.

Kwa mtazamo wa kibiolojia, basi, ahadi ya mwaka 2010 ilitimizwa ndani ya miaka sita. Lakini katikati ya mwaka 2014 na Januari 2015 bei ya mafuta ghafi ilishuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya dola 50.

5.0 Hesabu ya Elektroni

Hapa inafaa kusitisha masimulizi na kufanya hesabu, kwa kuwa mshauri wa sera anaweza kuifanya mwenyewe kabla ya kusoma pendekezo lolote la mradi.

Molekuli moja ya asidi ya asetiki hutokana na molekuli mbili za hewa ukaa na elektroni 8. Kwa hiyo kilo moja ya asidi hiyo huhitaji chaji ya takribani ampea-saa 3,570. Seli ikifanya kazi kwa volti 2.5 bila kupoteza elektroni hata moja, umeme unaotumika ni karibu kilowati-saa 9. Hata seli kamilifu isiyopoteza nishati yoyote haiwezi kushuka chini ya kilowati-saa 4 hivi, kwa kuwa nishati hiyo ndiyo inayobaki ndani ya asidi yenyewe.

Umeme ukigharimu senti 5 za dola ya Marekani kwa kilowati-saa, gharama ya umeme peke yake ni kama senti 45 kwa kilo. Umeme ukigharimu senti 15, gharama hiyo hufikia dola 1.35. Asidi ya asetiki ya kawaida ya kiwandani, itengenezwayo kwa methanoli na kaboni monoksaidi, kwa kawaida huuzwa kwa jumla chini ya dola moja kwa kilo. Tofauti kati ya mradi unaoweza kufikiriwa na usioweza kufikiriwa imo katika tarakimu moja ya bei ya umeme.

Hesabu ya mazingira ni kali zaidi. Kilo moja ya asidi ya asetiki hunasa kilo 1.47 za hewa ukaa. Umeme wa makaa ya mawe hutoa takribani kilo moja ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa. Mtambo ukitumia umeme huo utatoa hewani takribani kilo 9 ili kunasa kilo moja na nusu. Mradi wa namna hii hauna maana yoyote ya tabianchi pasipo umeme usiotoa hewa ukaa.

6.0 Kurudi kwa Asetoni

Ikiwa hesabu ndiyo hiyo, mafanikio ya kwanza ya kibiashara yalipaswa kutokea mahali ambapo elektroni hazinunuliwi. Ndivyo ilivyokuwa. LanzaTech, kampuni iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2005, iliwatumia bakteria wa Clostridium autoethanogenum kula gesi taka za viwanda vya chuma. Gesi hizo zina kaboni monoksaidi, ambayo tayari imebeba elektroni ambazo kwingine zingenunuliwa kama umeme. Mwaka 2018 mtambo wao wa kwanza wa kibiashara ulianza kuzalisha ethanoli katika kiwanda cha chuma cha Shougang, mkoani Hebei, China. Nchini Ujerumani, kampuni za Evonik na Siemens zilijaribu kuunganisha pande zote mbili: katika mtambo wa majaribio wa Marl, uliozinduliwa mwaka 2020, umeme hugeuza hewa ukaa kuwa kaboni monoksaidi, kisha bakteria huigeuza gesi hiyo kuwa butanoli na heksanoli, kemikali zenye bei ya juu kuliko mafuta ya magari.

Mwaka 2022 duara lilikamilika. Watafiti wa LanzaTech, Chuo Kikuu cha Northwestern na Maabara ya Taifa ya Oak Ridge walitangaza kwamba wamemwezesha bakteria mla gesi kutengeneza asetoni, kemikali ile ile ya Weizmann, kwa njia inayonasa hewa ukaa nyingi kuliko inayotoa. Jeni walizozihitaji walizitafuta katika mkusanyiko wa aina zaidi ya 200 za bakteria wa viwanda vya kale vya asetoni, uliotunzwa na David Jones, mtaalamu aliyewachunguza bakteria hao kwa miongo mingi, nchini Afrika Kusini na baadaye New Zealand. Katika fasihi ya kisayansi, bakteria mmojawapo maarufu wa kundi hilo la viwanda bado huitwa NCP 262, kwa herufi za kampuni ya Germiston. Kiwanda kilikwisha zima mitambo yake ya uchachushaji, lakini bakteria wake walibaki na majina yao katika vitabu na katika jokofu.

7.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

Ukanda wetu una sababu za kweli za kuifuatilia historia hii. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, Uganda na Ethiopia hutokana na maji, mvuke wa ardhini na upepo, kwa hiyo kikwazo cha kimazingira kilichotajwa hapo juu ni kidogo. Huko Olkaria, mvuke wakati mwingine huachwa bila kuzalisha umeme nyakati za usiku mahitaji yanapopungua. Katika Ziwa Kivu, lililo kati ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna takribani kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani zilizoyeyuka majini, na sehemu kubwa ya methani hiyo imetengenezwa na vijiumbe kutokana na hewa ukaa yenyewe. Kazi ambayo maabara za Amherst na Harvard zilijitahidi kuiiga imekuwa ikifanyika chini ya ziwa hilo kwa karne nyingi.

Hata hivyo, sababu hizi zisigeuzwe kuwa ahadi za haraka. Umeme wa usiku ni nafuu, lakini mtambo unaofanya kazi usiku pekee hubaki bila kuzalisha mchana, na mtaji wake hulipwa polepole. Zaidi ya hayo, umeme unaoweza kutengeneza kilo moja ya asidi ya asetiki ni umeme ambao kaya nyingi za vijijini bado hazijaupata. Serikali yoyote inayopendekezewa mradi wa aina hii inapaswa kuuliza kwanza: bei ya umeme ni ipi, kwa mkataba wa miaka mingapi, na ni nani ataukosa umeme huo? Swali la pili ni la bidhaa. Mfano wa Muhoroni unaonesha kwamba bidhaa inayoshindana na petroli hushindwa petroli inaposhuka bei au mnunuzi mwingine anapolipa zaidi. Kemikali za bei ya juu zinazouzwa kwa kiasi kidogo zina nafasi kubwa zaidi ya kudumu.

Swali la tatu halihusu umeme. Oktoba 2010, miezi michache baada ya makala ya Amherst, mataifa yalipitisha Itifaki ya Nagoya kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa yalikwisha kuonesha umuhimu wa jambo hili: vimeng'enya vya vijiumbe vyake viliingia katika bidhaa za viwanda vya ng'ambo, na Kenya ikalazimika kudai sehemu yake baadaye. Itifaki hutoa haki, lakini haki hiyo hutumika vizuri pale tu ambapo nchi inajua ina nini. Bakteria wa Ziwa Kivu, wa chemchemi za moto na wa maziwa ya magadi wanahitaji hazina za kitaifa au za kikanda zenye majokofu, kumbukumbu za maandishi na wataalamu wenye ajira ya kudumu. Gharama ya hazina kama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kiwanda, na haipotei bei ya umeme ikipanda.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya kuwalisha bakteria umeme haikuanza mwaka 2010, wala haijaisha kwa kukosekana kwa mafuta yaliyoahidiwa mwaka huo. Kutoka mahindi ya Weizmann, molasi ya Germiston na Muhoroni, hadi gesi ya Hebei, bakteria walifanya kazi waliyopewa kila walipopata chakula kwa bei inayovumilika, na viwanda vilifungwa bei hiyo ilipobadilika. Bei hizo zimegeuka zaidi ya mara moja katika karne moja, na hakuna sababu ya kuamini kwamba zimegeuka kwa mara ya mwisho. Kwa nchi zetu, kujenga mtambo kabla ya hesabu ya umeme kukubali ni kurudia makosa yaliyokwisha kuandikwa. Kutowatunza bakteria na kutowasomesha wataalamu mpaka hesabu ikubali ni kuhakikisha kwamba siku hiyo itawakuta wengine wakiwa tayari, nasi tukinunua leseni za kutumia viumbe vilivyotoka katika maziwa yetu wenyewe.